Buibui Wengi, Macho Machache: Nguvu ya Kujitolea Iwekwe Wapi?

Aprili 2022 orodha ya buibui wote wa dunia, inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi, ilitimiza spishi 50,000. Aliyeikamilisha idadi hiyo ni buibui mrukaji mdogo wa Amerika Kusini, Guriurius minuano. Orodha haijasimama tangu hapo. Kila mwaka majina huongezwa kwa mamia. Wataalamu wanaoweza kuwatenganisha viumbe hao ni wachache, na wengi wao wamebobea katika familia moja au mbili tu. Upande wa pili wako watu wenye simu za kamera, wasiohesabika, na kila anayekuta buibui bafuni au shambani ana maswali yaleyale: huyu ni nani, na je, anauma?

Katikati yao wamesimama watu wa kujitolea. Wanafanya kazi kwenye tovuti za utambuzi kama iNaturalist, iliyoanza 2008 kama mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, au BugGuide, iliyoanza 2003 na inayoshughulika na Marekani na Kanada peke yake. Hawalipwi. Wengi wana saa moja ya jioni, watoto wakishalala, na mbele yao kuna foleni ya picha isiyo na mwisho. Saa hiyo iende wapi? Wapo watakaosema kila mtu afanye linalompendeza, maana anayejitolea hapangiwi kazi. Ni kweli hapangiwi. Lakini hakuna anayependa kugundua kwamba miaka yake miwili imeishia kwenye kazi ambayo ingefanyika hata kama yeye asingekuwepo. Kwa hiyo napendekeza kipimo kimoja: pale unapotaka kuweka nguvu zako, jicho lako likiongezeka, jibu litabadilika?

Kwanza tujue picha inaweza nini na haiwezi nini, kwa sababu nguvu nyingi hupotelea hapo. Buibui walianza kupewa majina yanayokubalika kisayansi na Msweden Carl Clerck mwaka 1757, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Linnaeus ambacho majina ya wanyama wengine wote huhesabiwa kuanzia kwake. Katika kazi ya leo, spishi nyingi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi: vipapasio vya dume, vilivyovimba nchani kana kwamba amevaa glavu za ndondi, na kibamba kidogo kilicho chini ya tumbo la jike. Viungo hivyo hutazamwa kwa hadubini, na huwa kamili kwa buibui aliyekomaa tu. Buibui mchanga, hata apigwe picha kwa kamera ya bei gani, mara nyingi ataishia kwenye jina la jenasi au la familia. Familia ya Linyphiidae peke yake ina karibu spishi 5,000, na wengi wao hawafiki milimita tano. Kuwapa majina ya spishi kwa picha ya simu ni kubahatisha.

Wapo pia wanaojitaja wenyewe. Latrodectus geometricus, anayepatikana Afrika Mashariki na sehemu nyingi za joto duniani, hupenda kujificha chini ya viti na meza za nje. Jike hufunga mayai yake ndani ya kifuko cha mviringo chenye vijiba pande zote. Ukikiona kifuko hicho kwenye picha umeshamjua mwenyewe, hata kama amejikunyata pembeni na huoni mguu wake hata mmoja. Anayejitolea na akajua ni makundi gani yanakubali kutajwa kwa picha na yapi yanakataa, tayari ana nusu ya ujuzi anaouhitaji.

Sasa tuje kwenye foleni. Wengi huanzia kwa picha zilizopandishwa leo, na hapo ndipo penye raha: buibui wakubwa, rangi kali, shukrani za papo kwa papo. Argiope mwenye mistari ya njano akiwekwa asubuhi, kabla ya adhuhuri ana majina matatu yanayofanana. Hata programu ya tovuti yenyewe, ambayo tangu 2017 hupendekeza majina kwa kutazama picha, inamfahamu. Ukiongeza jina la nne hujaongeza kitu. Mgeni aanze hapo kwa sababu jicho huzoea. Aliyekaa hapo mwaka mzima anajiburudisha, na si vibaya, mradi ajue hivyo.

Swali la “anauma?” ni jambo jingine. Wakongwe wa kazi hii hulichukia, kwa kuwa huulizwa kila siku na mara nyingi na mtu ambaye ameshamponda buibui kwa kandambili kabla ya kumpiga picha. Mimi naona ni swali lenye uzito kuliko wanavyolipa, na ushahidi wake uko Marekani. Huko kuna buibui anayeogopwa sana, Loxosceles reclusa, ambaye sumu yake wakati mwingine huozesha nyama ya mahali alipouma. Makao yake ni majimbo ya kati na kusini, kuanzia Nebraska na kuteremka hadi Texas na Georgia. Hata hivyo watu wa nchi nzima wanaapa kwamba wanaye ndani ya nyumba. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, Rick Vetter, alitangaza kwenye intaneti kwamba yeyote anayedhani amempata amtumie, naye atamtambua. Matokeo aliyoyachapisha 2005 yanafaa kusomwa na kila anayejitolea. Aliletewa viumbe 1,773 kutoka majimbo 49. Buibui waliotambulika walikuwa wa familia 38, na baadhi ya viumbe hao hawakuwa buibui kabisa. Katika majimbo 29 yaliyo nje ya makao ya buibui huyo kabisa au karibu kabisa, 25 hayakutoa hata mmoja wa aina hiyo.

Na kule aliko kweli? Vetter na mwenzake walieleza habari za nyumba moja ya Kansas ambamo wenyeji walikusanya buibui 2,055 wa aina hiyohiyo kwa muda wa miezi sita mwaka 2001. Hakuna aliyedhurika katika familia ile.

Mambo haya yanagusa afya za watu. Daktari wa mahali ambapo buibui huyo hayupo, akikiona kidonda kibichi na kukiita cha buibui, huenda anayapita maambukizi ya bakteria yanayotaka dawa nyingine kabisa. Kwa hiyo jibu sahihi hapa hubadilisha mengi: mtu anaacha kunyunyiza sumu nyumba nzima, au anarudi hospitali kuulizia upya. Na gharama ya jibu ni ndogo. Yatosha kujua mwuliza yuko wapi, kisha kuhesabu macho: buibui wengi wana macho manane, Loxosceles ana sita, yamepangwa mawili mawili katika jozi tatu. Tatizo ni kwamba swali hilo haliishi, na anayejibu kila moja kwa kuandika upya atachoka kabla ya mwezi kwisha. Kazi hii inataka watu wachache walioandaa jibu moja zuri kwa kila nchi, lenye picha za wanaofananishwa naye, na kulitumia tena na tena. Jeshi halihitajiki.

Mahali ambapo naona jeshi linahitajika, na ambapo karibu hakuna askari, ni kwenye picha zilizokwisha kuthibitishwa. Nieleze hesabu yake kwa iNaturalist, maana wengi wanaotumia tovuti hiyo hawaijui. Picha yenye tarehe na mahali huhesabiwa kuwa ya kiwango cha utafiti pale ambapo zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wanakubaliana, na waliotoa jina si chini ya wawili. Maana yake mpiga picha akikubali pendekezo la programu, na rafiki yake akabonyeza “nakubali”, basi. Picha inaondoka kwenye foleni ya zinazongoja na kupelekwa kwenye hifadhi ya kimataifa ya takwimu za viumbe, GBIF, ambako watafiti huichukua na kuchora ramani. Tuseme jina lile lilikuwa la uongo. Ukija wewe ukaandika jina sahihi, kura zinakuwa mbili kwa moja. Hiyo ni theluthi mbili kamili, si zaidi, kwa hiyo picha hushuka na kurudi kwenye foleni. Mtu mmoja ameweza kuizuia. Lakini ili jina sahihi lishinde bila wale wawili kubadili mawazo, wanatakiwa watu watano: wanne dhidi ya wawili bado ni theluthi mbili tu.

Wale wawili mara nyingi wameshaondoka zamani na hawasomi ujumbe. Kwa hiyo kosa linaloingia kwa mibonyezo miwili hutolewa kwa jasho la watu watano. Na wakati linangoja kutolewa halikai kimya. Programu inayopendekeza majina hufunzwa kwa picha zilezile ambazo watu wamezitaja. Picha mia zilizotajwa vibaya huifundisha kukosea, nayo humpendekezea mgeni jina hilohilo, mgeni hukubali, na zinakuwa mia na moja. Ndiyo sababu saa moja ya kupitia picha zilizothibitishwa za jenasi moja, katika nchi moja, ina faida kuliko saa kumi kwenye foleni ya leo. Kipimo changu hapa hakina shaka: jicho lako likiongezeka, jibu linabadilika siku hiyohiyo.

Lakini hakuna atakayekushukuru. Utamwambia mtu kwamba buibui aliyemjivunia kwa miaka mitatu hawezi kutajwa zaidi ya jenasi, naye atakuona mjuaji. Njia ya kupunguza ugomvi ni kutoa sababu pamoja na jina, sentensi moja au mbili tu: kinachotakiwa kuonekana ni hiki, na katika picha hii hakionekani. Anayerekebisha bila kusema sababu anavuna chuki na hafundishi kitu.

Rundo la picha za zamani zisizo na jina linavuta huruma, na ndilo linalokula watu. Huwa mtu anaapa kulimaliza. Halimaliziki, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni buibui wachanga, picha zenye ukungu, na nukta nyeusi kwenye dari. BugGuide walichagua ukali: picha isiyo na faida huwekwa pembeni na baadaye hufutwa. iNaturalist huziacha, ila inampa mtambuzi nafasi ya kupiga kura kwamba jina haliwezi kuboreshwa zaidi. Kura hiyo ikipita kwenye ngazi ya jenasi, picha huingia kiwango cha utafiti ikiwa na jina la jenasi tu. Ikipita juu zaidi, kwenye familia, huondolewa katika zinazongoja. Watu wanaiogopa kura hii kana kwamba ni kushindwa. Mimi naona ingetumika mara nyingi zaidi. Picha iliyofungwa kwa haki kwenye Pardosa, jenasi ya buibui wakimbiaji yenye spishi nyingi mno, inasema ukweli wote ilio nao. Kazi nyingine yenye faida kwenye rundo hilo ni kuchambua kwa mafungu makubwa: hizi ni za warukaji, Salticidae, hizi ni za wakimbiaji, Lycosidae. Haihitaji utaalamu mkubwa, na mtaalamu wa warukaji akiingia mara moja kwa mwezi anakuta fungu lake limetengwa.

Tugeukie kwetu, maana ramani ya wanaojitolea haifanani na ramani ya buibui. Wengi wako Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako vitabu vipo na spishi nyingi zinajulikana. Afrika Kusini ni tofauti kidogo: tangu 1997 wana uchunguzi wa kitaifa wa jamii ya buibui ulioongozwa na Ansie Dippenaar-Schoeman, na spishi zaidi ya 2,200 zimeorodheshwa humo. Yeye na Rudy Jocqué wa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ndio walioandika mwongozo wa familia za buibui wa dunia uliotoka 2006, ambao mpaka leo ni wa kwanza kufunguliwa na anayejifunza. Afrika Mashariki hatuna kitu cha namna hiyo. Watafiti waliokusanya buibui katika msitu wa Uzungwa Scarp nchini Tanzania, wakachapisha 2002, walipata spishi zipatazo 170 katika kipande kidogo cha msitu, na nyingi kati yao hazikuwa na jina. Kwa buibui kama hao mtu wa kujitolea mwenye picha hana la kufanya. Lazima akusanywe, achunguzwe, aelezwe.

Kuna mfano unaoonyesha vizuri mpaka huo ulipo. Kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, anaishi mrukaji mdogo mwenye uso mwekundu ambaye huingia hata ndani ya nyumba na kukaa ukutani. Hupendelea mbu jike aliyekwisha kunyonya damu, hasa Anopheles wanaoeneza malaria. Watafiti waliofanya kazi Mbita Point, Kenya, walithibitisha upendeleo huo wa mbu wenye damu katika makala ya 2005. Jina lake, Evarcha culicivora, alipewa 2003 tu. Aliyempiga picha ukutani mwake mwaka 1995 asingepata jina la spishi kwa mtu yeyote duniani, kwa sababu halikuwepo. Leo hii anaweza kulipata, na kila picha yake yenye mahali na tarehe ni habari mpya kuhusu wapi anaishi. Kazi ya kujitolea huja baada ya kazi ya hadubini, na huieneza.

Kwa hiyo nikisema nguvu ziletwe Afrika Mashariki, sisemi watu wakimbilie misitu ya Usambara na Uzungwa wakidhani watataja kila kitu. Nasema waanzie kwenye kuta. Buibui wa nyumba zetu ni wachache, wengi wao wamesambaa katika nchi za joto, na wanajulikana: Menemerus bivittatus, mrukaji wa kijivu aliyebapa, anayewinda nzi kwenye kuta zenye jua, Plexippus paykulli, ambaye dume lake ni jeusi lenye mistari myeupe, Heteropoda venatoria, yule mkubwa wa usiku, ambaye jike hubeba kifuko bapa cha mayai chini ya mwili, na Pholcidae wenye miguu mirefu wanaotikisa utando ukiwagusa. Mtu akiwajua kumi wa aina hiyo, atajibu sehemu kubwa ya maswali ya majumbani kutoka Mombasa hadi Bukavu, na atayajibu kwa Kiswahili, jambo ambalo mtaalamu wa Copenhagen hataweza.

Faida nyingine ya kujua mahali pako ni kuwaona wageni. Trichonephila clavata wa Asia Mashariki alithibitishwa Georgia, Marekani, mwaka 2014, na picha za wananchi zimesaidia sana kufuatilia anavyosambaa, kwa kuwa walikuwepo watu waliojua kumtenganisha na ndugu yake wa kienyeji, T. clavipes. Pasipo mtu anayewajua wa kienyeji, mgeni hupita bila kuulizwa.

Tahadhari moja. Buibui wakubwa wenye manyoya, kama Pterinochilus murinus wa Afrika Mashariki, hununuliwa na wafugaji wa nje. Anayeweka picha ya shimo lao pamoja na mahali halisi anamwelekeza mkusanyaji mlangoni. Tovuti nzuri huruhusu mahali pafichwe. Itumieni nafasi hiyo.

Nimeacha mwisho kazi ninayoiweka juu ya zote, kwa sababu haionekani kuwa ya utambuzi: kumfundisha mpiga picha. Chukua Nephilingis cruentata, anayejenga utando mkubwa kwenye pembe za paa na kujificha kwenye faneli yake ya utando iliyoshikamana na ukuta. Kwa mgongo anaweza kukubabaisha. Ukimpiga picha kwa chini, bamba la kifuani la jike lina wekundu, na shaka inapungua sana. Picha moja ya chini imeepusha ubishi wa watu wanne. Mpiga picha aliyeambiwa mara moja, kwa upole, kwamba safari ijayo apige mgongo, chini na uso, na aweke kitu cha kupimia ukubwa, atapandisha picha hamsini nzuri. Hakuna mtambuzi anayeweza kuzitengeneza picha hizo baada ya buibui kukimbia.

Mshika mawili moja humponyoka, na kwenye foleni hii mambo ni maelfu. Basi wewe unayesoma haya ukiwa Tanga, Kisumu au Bujumbura, ukitaka kujitolea, chagua familia moja na mkoa mmoja. Jifunze wanaotajika na wasiotajika, pitia zilizokwisha kuthibitishwa kabla ya kugusa mpya, na kila unaporekebisha toa sababu. Usiku wa leo washa taa ya nje uone nani yuko ukutani, umpige picha tatu, na ya tatu iwe ya chini.